Podo na mwangati: kutoka Magamba hadi Shume

Nilikwenda milima ya Usambara kutazama miche ya podo na ya mwangati (mtarakwa), miti miwili ya asili ya jamii ya misonobari. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona kali, kisha bodaboda hadi hifadhi ya msitu ya Magamba. Kibali na mwongozaji hupatikana ofisi ya hifadhi. Beba koti, hata kiangazi.

Chini ya miti mikubwa ya mikulo, miche ya podo ilikuwa mingi, ila ni rahisi kuipita: majani yake ni marefu na mapana kuliko ya podo mzima. Urefu nao hausemi umri. Msitu ukishafunga juu, kinachofika chini ni asilimia moja au mbili tu ya mwanga, kwa hiyo mche wa kufika gotini huenda una miaka mingi. Haurefuki, unasubiri mti mkubwa uanguke, mwanga uingie. Inayokufa mapema ni ile iliyoota juu ya tabaka nene la majani makavu: mzizi hukauka kabla ya kuugusa udongo.

Kuelekea Shume msitu ulizidi kukauka na miangati ikaanza. Hapa ndipo pa kuinama na kutazama kwa makini, maana chini ya miangati mizee nilikuta watoto wa podo, wa mwangati hawapo. Watoto wa mwangati walikuwa kwenye kingo za njia, penye udongo mtupu na jua, wakiwa na majani ya sindano yanayochoma. Majani madogo kama magamba ya samaki huja baadaye. Kivulini mche wa mwangati hunyong'onyea na kuoza shinani. Moto, ambao huua mwangati mkubwa kwa urahisi, ndio unaousafishia udongo na kuufungulia mwanga uzao mpya, na ndiyo maana mara nyingi miangati ya eneo moja huwa rika moja. Ukizuia kila moto, podo na mikulo hurithi.

Misindano (paini) ya shamba la miti la Shume ina tabia hiyohiyo ya kutaka jua, ndiyo maana hukatwa yote kisha hupandwa upya. Kuipanda chini ya misindano mikubwa ni kupoteza miche.

Kwa mwenye kitalu: mbegu za podo zipandwe zikiwa mbichi, kwani hupoteza uhai haraka, na zikae chini ya kivuli. Changanya udongo wa chini ya podo, kwa kuwa mizizi yake hutegemea kuvu wa humo. Bila hao mche hudumaa na kugeuka manjano. Maotea, yaani miche iliyojiotea yenyewe, yahamishwe na bonge la udongo wake, msimu wa mvua, lakini si kutoka ndani ya hifadhi bila ruhusa. Mwangati usiuweke kivulini baada ya kuota vizuri.