Nilipima Upepo

Namba ile niliiandika kwa kalamu ya wino, wala si penseli, na hilo peke yake linaonyesha nilivyojiamini: bilioni 11.4. Yaani shimo jeusi moja lenye uzito wa majua bilioni kumi na moja na ushei. (Najua, kifizikia ni tungamo, si uzito. Lakini mtu akiwa na furaha husema uzito.)

Ilikuwa 2015. Mapema mwaka ule ilikuwa imetangazwa kwasari J0100+2802 (kwasari ni kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa mno kwa sababu ya shimo jeusi lililo ndani yake), ambayo shimo lake jeusi lilikadiriwa kufikia majua bilioni 12, na mwanga wake uliondoka huko ulimwengu haujatimiza hata miaka bilioni moja. Sisi wanafunzi tuliizungumzia wiki nzima. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, nimekabidhiwa orodha ya kwasari ishirini nizipime moja moja, kazi ambayo mwalimu wangu aliiita ya kunyoosha mkono tu. Nilipofika ya kumi na nne, mkono ukaanza kutetemeka.

Shimo jeusi lenyewe halionekani. Kinachoonekana ni gesi inayoliendea, ambayo hupata joto kali kiasi cha kung'aa kuliko galaksi nzima iliyoibeba, na mawingu mengine ya gesi yanayolizunguka kwa kasi ya ajabu. Wingu linalotujia mwanga wake husogea upande wa buluu, linalotukimbia husogea upande wa nyekundu, kama king'ora cha gari kinavyobadilika sauti likija na likipita. Changanya mawingu hayo yote, na mstari wa spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, uliopaswa kuwa mwembamba kama sindano unatanuka ukawa mlima. Upana wa mlima ndio kasi. Ukiijua kasi, na ukajua mawingu yako umbali gani kutoka shimoni, unazidisha umbali kwa mraba wa kasi, unagawanya kwa namba ya Newton ya graviti, kisha unarekebisha kidogo kwa sababu hujui mawingu yamejipanga vipi. Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa sekondari.

Kinachoshinda watu ni umbali. Njia ya uhakika ilikuwa kungoja mwangwi: mwanga wa katikati unapanda na kushuka, na baada ya muda mawingu nayo yanapanda na kushuka, na muda huo wa kuchelewa ndio unaokwambia mwanga umesafiri kiasi gani kuyafikia. Kwa kwasari ya namba kumi na nne, kwa jinsi ilivyong'aa, mwangwi ungechelewa zaidi ya miaka miwili kule kwake. Na kwa kuwa ulimwengu umetanuka mara 3.3 tangu mwanga ule uanze safari, huku kwetu tungeungoja zaidi ya miaka saba. Shahada yangu ilikuwa ya miaka miwili. Basi nikatumia njia ya mkato inayotumiwa na karibu kila mtu. Vipimo vya mwangwi kutoka galaksi za karibu vimeonyesha kuwa umbali wa mawingu hukua takriban kama kipeuo cha pili cha mng'ao: mng'ao ukiwa mara mia, umbali ni mara kumi. Unapima mng'ao, unakisia umbali, unaendelea.

Kwa hiyo kilichobaki mikononi mwangu ni upana wa mstari tu.

Spektra nilikuwa nimeipakua kutoka hazina ya SDSS, ule upimaji mkubwa wa anga uliofanywa kwa darubini ya kipenyo cha mita 2.5 kule Apache Point, New Mexico. Kwa urefu wa wimbi la mwanga, ilianza kwenye nanomita 380 na kuishia 920. Mstari ambao wengi huuamini zaidi, wa magnesi, huzaliwa kwenye nanomita 280, lakini safari ilikuwa imeuvuta hadi 923. Niliukosa kwa nanomita tatu! Nikabaki na mstari wa kaboni, uliozaliwa kwenye 155 kule ambako jicho halioni, ukanifikia kwenye 511, katikati ya rangi ya kijani.

Kuupima mlima wa aina hii kunataka kwanza uchore sakafu, yaani mwanga wa kawaida ambao mlima umesimama juu yake. Ukiishusha sakafu unywele mmoja, mlima unanenepa. Ukiipandisha, unakonda. Nilichora sakafu ile hadi saa saba usiku, na kila nilipoichora upana ulihama kwa kilomita mia kadhaa kwa sekunde. Nakiri kitu hapa. Nilipopata namba ndogo nilitafuta sababu ya kurudia. Nilipopata kubwa sikutafuta chochote. Mwishowe ukatulia kwenye nanomita 13.6, sawa na kilomita 8,000 kwa sekunde, na kwa kuwa kasi inapigwa mraba, bilioni zikajimwaga.

Nikamtumia dada yangu ujumbe usiku uleule: nimepima shimo jeusi la majua bilioni kumi na moja. Akajibu asubuhi, "Hongera mdogo wangu. Sasa ulale."

Mwalimu hakuitazama namba. Nilimwekea karatasi mezani, namba imeandikwa pembeni kwa wino na kuzungushiwa duara, yeye akautazama mchoro. Akaikunja karatasi kwa wima, mkunjo ukipita juu kabisa ya kilele cha mlima, kisha akainua mkono akaielekeza dirishani ili mwanga upite. Nusu mbili zilitakiwa zilaliane. Hazikulaliana. Ya kulia ilishuka haraka, ya kushoto, upande wa buluu, ilitambaa mbali kama mkia wa nguo ndefu.

"Mlima wako mbona umeinama?"

Nikasema labda ni kelele za kifaa.

"Kelele hazina adabu ya kukaa upande mmoja. Na hiki kilele chenyewe, mistari mingine inasema kingekuwa hapa." Akaweka ncha ya kalamu karibu nanomita nne kulia kwa kilele changu. "Kijana, gesi hii inazunguka au inaondoka?"

Nilikaa kimya, maana jibu lilikuwa mbele yangu kwenye mkunjo wa karatasi. Kwasari inayong'aa sana huisukuma gesi yake kwa mwanga wenyewe. Sehemu ya gesi inayotoa mstari wa kaboni huwa inapeperushwa nje, na sisi tunaona zaidi ile inayokuja upande wetu, kwa sababu ya upande wa pili imefichwa na sahani ya gesi iliyo katikati. Kanuni niliyotumia inadai kila wingu liwe limefungwa na mvutano wa shimo, linazunguka kwa utii. Gesi iliyokwisha kuondoka haina habari na utii huo. Kasi yake nayo inaupanua mstari, lakini haisemi chochote cha kuaminika kuhusu uzito.

"Umepima upepo," akasema, "ukaniletea kama mzigo."

Bahati yangu, kulikuwa na kundi jingine lililokwisha kuipiga kwasari ileile kwa spektra ya infraredi, mwanga ulio ng'ambo ya nyekundu ambao jicho halioni, na data zao zilikuwa wazi kwa wote. Mstari wa haidrojeni, unaozaliwa kwenye nanomita 486, ulikuwa umefika 1,604. Kazi ile ilinichukua wiki tatu badala ya usiku mmoja. Hewa yetu wenyewe hung'aa kwenye infraredi, kwa hiyo spektra ilijaa miiba ya kung'oa mmoja mmoja. Halafu kulikuwa na chuma. Chuma kwenye kwasari hakitoi mstari mmoja wa kistaarabu, kinatoa maelfu yaliyolundikana hadi yakafanana na sakafu, na usipokiondoa unakipima pamoja na haidrojeni. Mistari miembamba ya oksijeni, ambayo kwa kawaida husimama kama vigingi pembeni mwa haidrojeni, ilikuwa hafifu mno, jambo ambalo nilikuja kuambiwa ni la kawaida kwa kwasari zenye upepo mkali.

Haidrojeni ilitoa kilomita 4,200 kwa sekunde. Uzito: majua bilioni 2.9.

Safari hii niliandika kwa penseli, na mwalimu akaniongezea mwenyewe alama ya kosa pembeni. Njia hii ya mkato inaweza kukosea takriban mara tatu juu au chini, hata ukiwa na mstari mzuri. Nikapiga hesabu kimya kimya, nikaona kuwa ukingo wa juu unakaribia bilioni tisa, karibu na namba yangu ya kwanza. Sikulitaja hilo. Nadhani aliliona usoni.

Miaka imepita na mambo yamesogea. Mwaka 2018 kifaa cha GRAVITY, kinachounganisha darubini nne za mita 8.2 kule Paranal, Chile, kiliona moja kwa moja mzunguko wa mawingu ya 3C 273, kwasari ileile ambayo mwanaastronomia Maarten Schmidt alitegua kitendawili cha spektra yake mwaka 1963, na kupata shimo la takriban majua milioni 300. Mwaka 2024 kikapima nyingine, ya umbali unaokaribiana na wa namba yangu kumi na nne: majua milioni 320. Nilisoma habari ile mara mbili, na nakiri mara ya pili nilikuwa naona wivu.

Dada yangu nilimweleza ukweli wiki ileile ya bilioni 2.9. Akanyamaza kidogo kwenye simu.

"Bilioni nane na nusu zimekwenda wapi?"

Nikamwambia zilikuwa upepo.

"Basi ungelala tu usiku ule," akasema.