Siku moja kwenye dirisha la methadoni

Saa 12:30 asubuhi. Nahesabu chupa za methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, pamoja na mwenzangu, tunasaini wote wawili, ndipo dirisha linafunguliwa. Foleni imeshajipanga. Wengi wanawahi kazini: wanakunywa dozi, wanaondoka. Kabla sijampimia mtu namtazama usoni. Macho yakiwa yanasinzia na ulimi mzito, namwambia akakae kwanza tumwangalie, maana methadoni juu ya unga, yaani heroini, au pombe inaweza kuzima pumzi. Aliye sawa anakunywa mbele yangu, anafuatisha maji, kisha tunaongea maneno mawili matatu. Namjulia hali, na papo hapo nahakikisha dawa imemezwa, haijafichwa shavuni.

Saa 2. Mama mmoja amemleta mwanawe. Kijana ana arosto, yaani maumivu ya kukosa unga: makamasi, miayo isiyokwisha, vinyweleo vimesimama mikononi, tumbo linamkata. Mama ananivuta pembeni. "Sista, si mnamtoa kwenye unga mnamtia kwenye methadoni?"

Swali hili silipiti haraka hata kama foleni ni ndefu. Nikamwambia: mama, unga unapanda kichwani na kushuka kwa saa chache, ndiyo maana mwanao anautafuta asubuhi, mchana na usiku. Methadoni iliyopimwa vizuri inakaa mwilini siku nzima na zaidi. Haimpandishi, haimwangushi, na kichwa kinapata nafasi ya kuwaza mambo mengine. Si majaribio ya jana: Vincent Dole na Marie Nyswander waliianza tiba hii New York miaka ya 1960, na tangu 2005 methadoni na buprenofini, dawa nyingine ya uraibu huo, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tunaanza na kidogo, miligramu 20 au 30, tunapandisha polepole kwa sababu wiki mbili za mwanzo ndizo zenye hatari. Wengi hutulia kati ya 60 na 120.

"Mpaka lini?"

Miaka, mama. Pengine mingi. Sikumficha, kwa sababu anayeahidiwa miezi miwili huja kumlaumu mwanawe bure.

Saa 4. Buprenofini, kidonge cha kuwekwa chini ya ulimi. Dada aliyetakiwa kuanza leo amevuta unga alfajiri, kwa hiyo tumemwahirisha. Kidonge hiki kikiukuta unga bado umo mwilini huusukuma utoke, na arosto humpiga mtu kwa mkupuo. Arudi kesho, arosto ikiwa imeanza yenyewe.

Saa 5, wodini. Watu huogopa arosto ya unga, lakini kwangu mimi mgonjwa wa kutisha ni mlevi wa miaka mingi aliyeacha ghafla. Arosto ya unga inatesa. Ya pombe inaweza kuua. Kuna mzee aliyekunywa mara ya mwisho jana jioni. "Baba, nyoosha mikono, tanua vidole." Vinatetemeka, viganja vimelowa jasho, mapigo ya moyo 118 kwa dakika. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na siku ya pili au ya tatu wengine huanza kuona vitu visivyokuwepo. Anapata diazepamu kwa ratiba, na sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu yoyote ya sukari, kwa sababu sukari ikitangulia ubongo uliokauka vitamini hiyo unaweza kuumia. Akishatulia tutazungumza kuhusu naltreksoni au akamprosati za kupunguza hamu. Ndugu wanaowafungia wazee wao chumbani "mpaka pombe imtoke" nawaomba sana wawalete hospitali.

Saa 8, kikundi. Wanaotumia kokeini na kristali (methamfetamini) wananiuliza dawa yao iko wapi, na inaniuma kujibu kwamba kwa sasa hakuna iliyothibitishwa kama methadoni ilivyo kwa unga. Kinachosaidia zaidi ni ushauri nasaha, pamoja na zawadi ndogo kwa kila kipimo cha mkojo kilicho safi. Wapo wanaoona ni kama kuwahonga watu. Mimi naona inafanya kazi.

Saa 10. Nawafundisha familia kutumia naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha unga. Midomo ya bluu, mkoromo, pumzi chache zinazoachana sana: mpe dawa, msaidie kupumua, ita msaada, usimwache. Naloksoni inaweza kuisha nguvu ndani ya saa moja, unga ukabaki. Nawasisitiza wenye ndugu aliyetoka soba (nyumba ya kuachia unga) au gerezani, kwa kuwa mwili wake umeshapoteza uzoefu, na kipimo alichokizoea zamani ndicho kinachomuua sasa. Hapa ndipo ninapopingana na wanaoita siku kumi za kusafisha mwili tiba. Huo ni mwanzo tu, na mtu akiachiwa hapo anakuwa hatarini kuliko alivyoingia.

Saa 12 jioni, makabidhiano. Kwa wa zamu ya usiku nimeandika: mzee wa kitanda cha dirishani apimwe kila saa moja, taa isizimwe, na akianza kuongea na asiyeonekana daktari aitwe mara moja. Kijana wa asubuhi amekunywa miligramu 20, amelala, anapumua vizuri. Mama yake ameomba kuja kesho kwenye kikao cha familia, nami nimemwandikisha.