Masika yalinikuta sina nguo, mfukoni nina shilingi 15,000

Masika yalipoanza nilifungua sanduku, nikakuta sweta zangu zote zimeota vidoadoa vya ukungu. Hata hivyo sikukimbilia mitumbani. Nililoweka sweta kwenye maji yenye siki kwa saa moja, nikafua, kisha nikavizia jua la mchana na kuanika. Harufu ikaisha, ingawa doa moja la kwapani limegoma mpaka leo. Gauni refu lililokuwa likiburura matope nilimpelekea fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, akalipandisha kwa 3,000. Kipande kilichobaki akakigeuza kitambaa cha kichwa. Hicho wala sikukiomba! Ndipo nikaenda mitumbani alfajiri wakifungua belo, nikapata koti la mvua kwa 7,000. Zipu yake hukwama, naipaka mshumaa.