Riba niliyoiandika kwa mdomo

Daktari alisema neva inayopita kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia imebanwa, nikae mbali na kibodi. Na programu ya ushirika wa akiba na mikopo ilikuwa haijaisha! Nilikumbuka video ya mwandishi wa programu Tavis Rudd kwenye PyCon ya 2013, mkutano wa watumiaji wa lugha ya programu ya Python, akiandika msimbo wa Python kwa sauti baada ya mikono yake kuumia. Nikapakua Talon, programu inayopokea amri za sauti.

Kwa Kiingereza iliniandikia vizuri. Ukisema "snake total amount", inatoka total_amount, maneno yakiunganishwa kwa mstari wa chini. Lakini msimbo wa ushirika niliuandika kwa majina ya Kiswahili, kwa sababu mhasibu wao, mama mtu mzima, alitaka kuzifuata hesabu mwenyewe. Python haijali jina liko katika lugha gani. Masikio ya Talon yalijali: nikisema "riba" inaandika "river". Rafiki akanishauri nibadilishe majina yote yawe ya Kiingereza. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Fedha ni za wanachama.

Njia iliyobaki ilikuwa kutaja herufi mojamoja. Talon ina neno fupi kwa kila herufi: air ni a, bat ni b, red ni r, sit ni i. Mdogo wangu aliyaandika yote kwenye manila akaibandika ukutani. Usiku ule, Dar ikiwa na joto lake, tulizima feni kwa sababu upepo wake ulikuwa ukiingia kwenye maikrofoni. Nikaanza: "red, sit, bat, air." Neno riba likatokea kwenye skrini. Mdogo wangu akapiga makofi, na makofi nayo yakasikika kama amri, mstari ukaruka. Ikabidi anyamaze. Mkopo ukaja: "made, crunch, odd, pit, odd." Kufikia usiku wa manane fanksheni nzima, kipande cha msimbo kinachokokotoa riba, ilikuwa imekamilika, na mkono haukugusa kitu.

Asubuhi nilimtumia mhasibu mistari ile kwa WhatsApp. Akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hapa umeandika mkopo mara kiwango mara miezi. Mkutano mkuu ulipitisha kwamba mwezi wa kwanza hatutozi. Toa mmoja."

Nikamwomba asikate simu, nikaisogelea maikrofoni nikaanza kurekebisha huku akisikiliza.