Kapsuli kabla ya kuingia kinuni: maandalizi ya majaribio katika ATR, Idaho

Jaribio la fueli au metali ndani ya kinu cha nyuklia hufaulu au kuharibika mezani na karakanani, miezi mingi kabla ya kinu kuwashwa. Kapsuli, yaani mrija uliofungwa wenye sampuli ndani, ikishashuka kwenye kiini, sehemu ya kinu yenye fueli, hakuna tena wa kupenyeza mkono kurekebisha. Ndiyo maana napenda kuyaeleza maandalizi yenyewe, ambayo mara nyingi hupewa sentensi mbili tu ndani ya ripoti nzima.

Tuchukue ATR (Advanced Test Reactor), kinu cha majaribio cha Maabara ya Taifa ya Idaho, Marekani, kilichoanza kazi mwaka 1967. Kimesanifiwa kufikia megawati 250 za joto, ingawa kwa kawaida huendeshwa chini ya nusu ya hapo. Fueli yake ni mafungu 40, kila moja likiwa na mabamba 19 ya urani yaliyofunikwa kwa aluminiamu, na yamepangwa kwa kujipinda kama ua la petali nne. Ndani na kando ya petali hizo mna nafasi tisa ambamo nyutroni, chembe zinazopasua atomi za urani, hujaa zaidi, na humo ndimo majaribio mazito huwekwa. Uzuri wake mkubwa uko kwenye udhibiti. Badala ya kutegemea fito zinazoshuka kutoka juu, kinu hiki kina mitungi 16 ya pembeni yenye hafniamu, metali inayomeza nyutroni, upande mmoja, nayo huzungushwa ili upande huo ukikaribie kiini au ukiepuke. Hivyo mgawanyo wa nyutroni kutoka juu hadi chini haubadiliki sana mzunguko mzima wa uendeshaji, na kona moja inaweza kupewa nguvu kubwa kuliko nyingine. Kwa mpimaji wa fueli hiyo ni neema.

Sasa kapsuli. Ile rahisi kabisa haina waya wala bomba la kuiunganisha na nje. Ni mrija wa chuma cha pua uliochomelewa ncha zote mbili, wenye sampuli ndani na heliamu kidogo. Maji ya kinu huingia yakiwa na nyuzi 52 hivi za Selsiasi, lakini mteja anataka sampuli yake ikae kwenye nyuzi 300. Joto litatoka wapi? Mionzi ya gamma huipasha sampuli yenyewe, na kazi ya msanifu ni kulichelewesha joto hilo lisitoke haraka. Anafanya hivyo kwa mwanya wa gesi kati ya sampuli na ukuta wa mrija.

Piga hesabu. Kipande cha chuma chenye kipenyo cha mm 8 na urefu wa mm 50 kina uzito wa gramu 20 hivi. Kikipashwa wati 8 kwa kila gramu, hutoa wati 160. Ukigawa kwa eneo la ubavu wake, unapata takriban wati 13 kwa kila sentimita ya mraba. Mwanya wa mm 0.1 wa heliamu utakupa tofauti ya nyuzi 70 hivi tu. Sampuli itabaki baridi mno. Ukitaka nyuzi 230 juu ya ukuta wenye nyuzi 70, unahitaji mwanya wa karibu mm 0.4. Weka neoni badala ya heliamu, na mwanya uleule utakupa tofauti ya joto mara tatu hivi zaidi.

Fundi wa mashine akikosea mm 0.05, umepoteza au umeongeza nyuzi 30 hivi. Tena mwanya uliopimwa mezani siyo utakaokuwepo kinuni: chuma hicho kikipata moto hutanuka, na mwanya hupungua kwa karibu mm 0.02. Hesabu ifanyike kwa vipimo vya moto. Sampuli ikilalia upande mmoja, upande huo hupoa na ule mwingine huungua, kwa hiyo huwekewa vijino vidogo vya kuishikilia katikati. Kwa fueli kuna hatari nyingine: gesi za zenoni na kriptoni zinazozalishwa zikivuja na kuchanganyika na heliamu, mwanya hupitisha joto vibaya na fueli huzidi kupata moto.

Kwa kuwa hakuna kipimajoto, ndani huwekwa vipande vya aloi vyenye viwango tofauti vya kuyeyuka; baadaye huangaliwa kipi kimeyeyuka na kipi hakijayeyuka. Nyutroni nazo huhesabiwa kwa vipande vya waya vinavyofungiwa humo na kupimwa mionzi baadaye: chuma kwa zile za kasi, kobalti iliyochanganywa na aluminiamu kwa zile za polepole. Kila kitu kikaushwe vizuri, maana tone la maji lililofungiwa humo hugeuka mvuke na kusukuma kuta. Kloridi, yaani chumvi itokanayo na jasho la vidole, inaweza kuanzisha nyufa katika chuma cha pua, hivyo glavu ni lazima. Baada ya kuchomelea, mishono hupigwa eksirei na kapsuli hupimwa kama inavuja heliamu.

Kisha huulizwa: kitu hiki kitakisumbua vipi kiini? Jengo hilohilo lina ATRC, kinu pacha cha nguvu ndogo sana, ambamo mpangilio hujaribiwa kwanza. Wachambuzi wa usalama nao huthibitisha kwamba maji hayatafikia hali ya kuvikwa utando wa mvuke juu ya kapsuli, kwani hapo ndipo metali huyeyuka.

Kinu chenyewe pia huzeeka. Kiakisi cha beriliamu, yaani ukuta wa metali unaorudisha nyutroni kwenye kiini, kikipigwa nyutroni huzaa heliamu, kikavimba na kupasuka, kwa hiyo sehemu za ndani hubadilishwa kila baada ya miaka kumi hivi. Badiliko la sita lilianza 2021 likaisha 2022. Ndani ya beriliamu hiyo hukusanyika pia lithiamu-6 na tritiamu (hidrojeni yenye mionzi), na tritiamu huoza kuwa heliamu-3 inayomeza nyutroni. Kinu kikizimwa kwa muda mrefu, heliamu-3 hiyo huongezeka, hivyo hesabu za kuwasha zifanywe upya.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kufunga mrija ni namna utakavyofunguliwa. Kazi hiyo itafanywa kwa mikono ya mashine nyuma ya kioo kinene, hivyo weka alama ya mahali pa kukata, acha nafasi tupu kati ya hapo na sampuli, na uchonge namba kwenye kila kipande, wino hautadumu.