Kutoka PCM Morogoro hadi Amherst: nilivyoihesabu nafasi yangu

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, vijana wenye Division One za maana huanza kuulizana: nina One ya pointi nne, nina nafasi Harvard? Nilikuwa kiranja wa taaluma, nina vyeti vya midahalo, nina nafasi? Mwaka 2023 nami nilikuwa nauliza hivyo hivyo, na majibu yalikuwa ya aina mbili: "Mungu akipenda" au "hao wanachukua watatu kwa mia, achana nao." Mwaka 2024 nilianza masomo chuo cha Amherst, Massachusetts, Marekani, nasomeshwa kwa ufadhili wa chuo, na msimu wa maombi umefika tena. Naandika nilivyofanya, kwa sababu najua kuna mtu yuko Kihonda au Kigoma anajiuliza sasa hivi na hana wa kumjibu.

Hiyo "watatu kwa mia" haikutungwa. Msimu niliotuma mimi, Harvard walipata maombi 54,008 wakakubali watu 1,937, sawa na 3.6 kwa mia. Lakini huo ni wastani wa watu wasiofanana. Katika kesi ya udahili ya Harvard iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023, takwimu za chuo chenyewe zilianikwa: kwa miaka iliyochunguzwa, wanamichezo waliotafutwa na makocha walikubaliwa kwa 86 kwa mia, na watoto wa waliosoma pale walikubaliwa kama theluthi moja. Hao wote wamo ndani ya wastani ule. Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) kutoka shule ya serikali ya bweni hayumo kwenye mafungu hayo, kwa hiyo hata ile tatu na nusu si yake.

Nilipolielewa hilo sikukata tamaa, nilianza kutafuta ni wapi mtu kama mimi anasomwa kwa haki. Na hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, nalo ni zito kuliko ufaulu: mfuko. Vyuo vingi vya Marekani, hata vyenye majina makubwa, mwombaji wa nje akisema anahitaji msaada wa fedha, hitaji hilo linawekwa mezani wakati wanaamua kama wamchukue. Wakiwa na fungu la watu wachache wa kuwalipia, unashindania fungu hilo. Vipo vichache sana ambavyo havitazami uwezo wa mwombaji wa nje wakati wa kuamua, na wakishamkubali wanaziba pengo lote la gharama. Mwaka wangu nilikuwa na majina haya: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Brown ilijiunga kuanzia waombaji wa msimu wa 2024/25. Mama yangu anauza mboga kwenye genge, hatuna cha kuchangia zaidi ya sabuni. Orodha yangu ikajipanga yenyewe.

Amherst niliiweka juu kwa sababu zangu. Ni chuo kidogo, wanafunzi kama 1,900 hivi, na hakina masomo ya lazima kwa wote, unajichagulia kozi. Baada ya miaka miwili ya kufungiwa ndani ya kombi, yaani masomo yale matatu ya PCM, nilitaka fizikia na historia pamoja bila kuomba ruhusa ya mtu. Tena mwaka 2021 waliacha kuwapendelea watoto wa waliosoma pale. Nilisema moyoni, hapa angalau foleni ni moja.

Kabla ya fomu yoyote ilibidi tumalize suala la nyumbani. Wenzangu walikuwa wanaomba vyuo vya hapa kupitia utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na mimi nilikuwa na One ya nne. Baba mdogo alikuja nyumbani akakaa na mama, akasema: "Shemeji, mtoto mwenye One ya nne anakaa nyumbani auze mchicha? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo, mkopo upo." Alisema kwa mapenzi, na hoja yake ilikuwa ya kweli. Nilimjibu, "Baba, shikamoo, naomba unisikilize kwanza." Nikamweleza kwamba ukishaanza shahada sehemu nyingine, vyuo vingi vya kule vinakuhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na mlango wa wanaohamia ni mwembamba kuliko huu. Nikamwambia pia matokeo ya NECTA hayaozi. Nikikosa, mwakani naomba hapa hapa kwa matokeo yale yale, na Bodi ya Mikopo itakuwepo. Tunachoweza kupoteza ni mwaka mmoja, pasipoti na ada ya mtihani. Mama alikuwa kimya muda wote, halafu akasema, "Mwaka mmoja tutauhimili." Tukafunga mjadala.

Pasipoti ndiyo ianze, wala usingoje. Ni shilingi 150,000 na inataka namba ya NIDA, na bila pasipoti wanaweza kukurudisha mlangoni siku ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Mtihani wenyewe kwa mtu wa nje ulikuwa zaidi ya dola 100 na ulikuwa umeshahamia kwenye kompyuta. Hesabu za SAT kwa mtu aliyesoma Advanced Mathematics si tatizo. Kazi iko kwenye kusoma na kuandika, na huko nilifanya mazoezi ya bure ya Khan Academy kwenye laptopu ya kuazima. Amherst mwaka ule hawakulazimisha alama za SAT, kuna vyuo vilivyolazimisha. Basi, SAT imeisha, nisikupotezee muda hapo, maana watu wanaihangaikia SAT miezi sita na kulisahau faili la shule.

Faili la shule ndilo lililonibeba. Fomu ya Common App, ile ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, inataka shule ijaze ripoti, itume matokeo ya mihula yote, itoe maelezo ya shule yenyewe, na walimu wawili waandike barua. Mfumo umetengenezwa kwa shule zenye mshauri wa wanafunzi mwenye ofisi na kompyuta. Sisi tulikuwa na mwalimu wa taaluma, meza yenye madaftari ya kusahihisha hadi kidevuni, na simu yangu yenye bando. Nilimfuata nikiwa nimeandika kwenye karatasi moja kila kinachotakiwa na tarehe zake. Alisoma, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi ndiye mshauri?" Nikasema ndiyo mwalimu. Akavuta kiti.

Tulianza na maelezo ya shule, na hapa nikuombe usome taratibu. Mwanafunzi wa Marekani akipata 74, hiyo kwao ni C. Kwa NECTA kidato cha sita, 70 mpaka 79 ni B, na A inaanzia 80. Mtihani wangu mmoja wa moko (wa majaribio) wa hesabu nilipata 58. Msomaji wa kule akiiona 58 bila maelezo ataona mtu aliyefeli. Mwalimu wa taaluma akafungua daftari la matokeo, akaniambia, "Andika hivi: kwenye mtihani huo 58 ilikuwa nafasi ya pili darasani." Akaendelea kunitajia na mimi nachapa: madaraja yote na alama zake, kwamba mwanafunzi anapangiwa kombi na hawezi kuongeza somo, kwamba shule haina kozi za juu zaidi ya hizo, tuko wangapi darasani, maabara ina nini. Ukurasa mmoja. Alipousoma wote aliurekebisha kwa kalamu nyekundu kama anavyosahihisha mitihani, nikaupeleka steshenari, ukapigwa mhuri wa mkuu wa shule na kuskaniwa. Ukurasa ule uliniondolea mashaka mengi kuliko alama yoyote, kwa sababu sasa alama zangu zingesomwa kwa kipimo chake.

Kisha barua. Kwetu mwalimu akiandika kuhusu mwanafunzi anaandika alivyozoea kwenye cheti cha tabia: ni mtiifu, ana nidhamu, anashirikiana na wenzake, namtakia kila la heri. Ni maneno mema, ila wanafunzi wote nchini wanaandikiwa hayo hayo. Nilimwomba mwalimu wa fizikia aandike jambo moja aliloliona kwa macho yake. Nilimkumbusha zile wiki za praktiko za kidato cha sita, vifaa vya kupimia ukinzani vikiwa vichache na sisi tukiwa wengi, wasichana watatu wameshika kifaa na wengine wote wananakili majibu. Nilipanga zamu upya kwenye ubao wa matangazo, vikundi vidogo, jioni baada ya chakula, na kila mmoja lazima aunganishe nyaya kwa mkono wake kabla ya kuondoka. Mwalimu alicheka, "Hata mimi ulinipangia zamu." Akayaandika hayo, pamoja na wasichana ambao kwa mara ya kwanza waliona mshale wa galvanomita, kipimo cha mkondo wa umeme, ukisimama kwenye sifuri kwa kazi ya mikono yao.

Kuna kipengele kwenye fomu ya mwalimu kinachotaka alinganishe mwanafunzi na wote aliowahi kuwafundisha, kutoka chini ya wastani mpaka mmoja wa wachache bora kabisa. Walimu wetu wengi wanaona kuweka tiki ya juu ni kujigamba, wanaweka "nzuri" na wanadhani wamekusifia. Sikumwambia mwalimu aweke wapi, hilo si langu. Nilimweleza tu kwamba wenzetu wanaposoma "nzuri" wanaelewa ni mtu wa kawaida. Msaidie mwalimu wako kuielewa ngazi ile, halafu mwache aamue.

Shughuli za nje ya darasa ni nafasi kumi, kila moja herufi 150 tu. Wengi wetu tunaogopa sehemu hii kwa sababu hatukuwa na klabu za roboti. Kumbe orodha ya aina za shughuli ina kazi ya kipato na ina majukumu ya familia, vimeandikwa kabisa. Nikaliweka genge: kwenda sokoni alfajiri kila likizo, kupanga mafungu, kuuza, kutunza daftari la madeni. Fomu inauliza saa ngapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka, nikahesabu kwa ukweli. Genge lilizidi kila kitu nilichofanya shuleni.

Insha yangu ilikuwa juu ya lile daftari. Ni daftari la kurasa mia moja lenye jalada la twiga, mistari kama "Mama Zawadi, mchicha mafungu mawili, 400, Ijumaa." Mama alikuwa anakopesha kwa kukumbuka sura, nami nikaanza kuandika nilipokuwa darasa la sita. Niliandika namna nilivyojifunza nani analipa mwisho wa mwezi, nani analipa mvua zikikatika, na nani mama hataki nimkumbushe kabisa, na kwa nini. Sikutafuta msiba wa kuwaliza wasomaji. Nadhani ndiyo sababu insha ilisimama.

Daftari hilo hilo likatuokoa kwenye fomu ya fedha. Fomu yenyewe inaitwa CSS Profile, nayo inauliza thamani ya nyumba, gari, akiba, riba, mapato ya mwaka mzima. Mama hana hati ya mshahara. Tulikaa usiku tukajumlisha kurasa za miezi kumi na miwili, mauzo tukatoa manunuzi, tukapata wastani, tukaupeleka ofisi ya mtaa. Mtendaji akatuandikia barua yenye mhuri, nikaitafsiri na kuambatisha zote mbili. Chuo kimoja kiliniandikia kuuliza familia inakulaje kwa kipato kidogo hivyo. Ni swali la haki. Nikajibu kwamba mahindi, maharage na viazi vinashuka kutoka kwa bibi Mgeta, na kodi ya pango hatulipi kwa kuwa nyumba ni ya urithi. Ukijaza sifuri, eleza sifuri hiyo imesimama juu ya nini, kuna sehemu ya maelezo kwa ajili hiyo. Na kama ada ya fomu inakushinda, waandikie chuo mapema. Wapo wanaotoa msamaha na wapo wanaopokea fomu yao ya bure badala yake.

Majibu yalitoka Machi 2024. Vyuo vingi nilivyoomba vilinikataa, pamoja na kile nilichodhani nimekiandikia vizuri kuliko vyote, na kimoja kiliniweka kwenye foleni ya akiba. Amherst walinikubali, na barua ya ufadhili ilipokuja, mchango wa familia ulikuwa kiasi ambacho mama aliweza kukiitikia bila kuuza kitu. Nilimsomea mara mbili. Mara ya tatu alitaka baba mdogo aisome kwa sauti, naye akaisoma yote, mpaka namba ya simu ya ofisi iliyokuwa chini kabisa.

Nikiulizwa sasa kama mtu mwenye One ya nne ana nafasi, namuuliza yeye: orodha yako ina vyuo vingapi visivyotazama mfuko, mwalimu wako wa taaluma ameshajua kwamba yeye ndiye mshauri, na pasipoti umeomba? Tarehe ya mwisho ya vyuo vingi ni mwanzoni mwa Januari, na Desemba shule zinafungwa, walimu wanasafiri na mhuri unabaki kabatini. Nenda wiki hii.