Kupima barafu na nahodha wa Barrow

Aprili 2010 nilikuwa mwanafunzi Fairbanks, Alaska, nikapata nafasi ya kufuatana na wapima barafu wa chuo hadi Barrow, mji ambao siku hizi umerudia jina lake la Kiinupiat, lugha ya wenyeji wake, Utqiaġvik. Msimu huo wawindaji wa nyangumi huchonga njia kwa sululu katikati ya matuta ya barafu, kutoka ufukweni hadi ukingo wa maji, wanakosubiri na mitumbwi yao ya ngozi ya sili. Sisi tulizipima njia hizo: mbele pikipiki ya theluji, nyuma kijisleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, chenye kipimo cha sumaku-umeme, kinachotambua maji ya chumvi yako umbali gani chini, yaani unene wa barafu. Ramani walipewa manahodha, viongozi wa vikundi vya wawindaji.

Aliyetuongoza alikuwa nahodha mzee, bunduki begani kwa ajili ya dubu. Kope zangu zilikuwa zimeganda. Kipimo kiliposoma zaidi ya mita moja na nusu, nikamwonyesha kwa furaha.

"Nene, sawa," akasema. "Imeshikwa na nini?"

Akanyoosha kidole kwenye tuta la nyuma yetu, mapande makubwa kama nyumba: hilo limekita chini kabisa, kwenye sakafu ya bahari. La mbele linaelea tu. Upepo ukigeuka, barafu ya upande huu hukatika na kwenda na watu wake, iwe nene iwe nyembamba. Kipimo chetu hakikuweza kuliona hilo, kwa hiyo tukaandika maneno yake, tuta kwa tuta, yaingie kwenye ramani.

Hemani, kwenye chai, alisimulia ya 1977. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwapiga marufuku Wainupiat kuwinda, wataalamu wakidai nyangumi wao wamebaki kati ya 600 na 2,000. Manahodha wakakataa: nyangumi hupita chini ya barafu, wengine mbali na ukingo, mhesabuji atawaonaje? Wakaunda tume yao mwaka huohuo. Miaka ya 1980 maikrofoni zilizamishwa majini, na nyangumi wakasikika huko huko walikosema wazee. (Hesabu ya 2011 ilikaribia 17,000.) Alisimulia bila kinyongo, mimi ningekuwa nacho.

Akatoka nje kutazama mawingu. Upande wa magharibi yalikuwa meusi kwa chini, maana yake huko maji yamefunguka. Akasema tupakie mizigo. Kipande cha mwisho cha njia hakikupimwa, na ramani tuliyowapa manahodha ilionyesha hivyo.